Godoro Hupimwa kwa Mizani, Si kwa Macho



Wapenzi wasomaji, juma hili safu yetu yaelekea bara. Ni nadra kuipata aila ya pwani isiyokuwa na kijana, binti au shemeji aliyekwenda Nairobi kutafuta riziki, na wengi wao huanzia maisha Kibera au Kawangware, kwa kuwa kodi ya huko ndiyo wanayoimudu. Kibera si ugenini mtupu kwa Muislamu. Makina na mitaa iliyo jirani nayo ni makazi ya Wanubi, wajukuu wa askari waliolitumikia jeshi la kikoloni wakapewa ardhi ile mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe la Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mgeni akifika hukodi chumba cha futi 10 kwa 10, cha mabati au cha udongo, na miongoni mwa vitu vya mwanzo anavyovinunua, pamoja na jiko na sufuria, ni godoro.

Tumeona tulizungumze jambo hili kwa kirefu kwa sababu godoro ni bidhaa ambayo mnunuzi wa kipato kidogo hudhulumiwa kwayo kwa wepesi. Mchele huonekana punje zake, na kitambaa huonekana uzi wake. Godoro limevikwa nguo, na kilichomo ndani hukijua aliyelitengeneza. Mnunuzi hulipa, hulichukua kichwani hadi nyumbani, hulilalia kwa furaha miezi miwili ya mwanzo, na wahenga walikwisha kusema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwezi wa tatu huanza kuamka ameshika kiuno.

Na kiuno hicho ndicho mtaji wake. Wako akina mama wa Kawangware wanaotoka alfajiri kwa miguu kwenda Lavington na Kileleshwa kufulia watu nguo na kupiga deki. Wako wanaume wa Kibera wanaotembea hadi Eneo la Viwanda wakitaraji kibarua cha siku. Yuko mama aliyejifungua juzi, ambaye mgongo wake bado haujarudi mahali pake, naye humwinua mtoto mara nyingi usiku kucha. Watu hawa hawana siku ya kupumzika ila usiku, na usiku wenyewe uko juu ya godoro. Likiwa bovu, wamenyimwa hata hicho kidogo.

Mambo matatu yanayoyahadaa macho

La kwanza ni unene. Godoro la inchi 8 huonekana la heshima kuliko la inchi 6, na muuzaji huliweka mbele. Lakini inchi 8 za sponji nyepesi hudidimia mpaka mwili ukazigusa chaga, ilhali inchi 6 za sponji nzito humbeba mtu mzima miaka mingi. Unene ni jambo la pili. Jambo la kwanza ni kilichomo ndani ya unene huo.

La pili ni kitambaa. Maua ya kung'aa, ushonaji wa mistari ya mito midogo midogo na zipu ya rangi ya dhahabu huongeza bei, wala haviongezi nguvu. Mtu halalii maua.

La tatu ni maandishi. Magodoro mengi yameandikwa kwa Kiingereza maneno ya kudai kuwa ni mazito, ni imara, ni tiba ya mgongo. Neno lililochapwa juu ya kitambaa halina gharama kwa aliyelichapa. Tutake ushahidi mwingine.

Kilo ndizo shahidi

Sponji ni povu lililoganda. Ndani yake mna vijishimo vingi vya hewa, na kiasi cha hewa hiyo ndicho kinachoitofautisha sponji nzuri na mbovu. Sisi wa pwani twaweza kulifahamu jambo hili kwa mfano wa mkate. Boflo la dukani ni kubwa kwa macho, lakini ukilikamata na kulifumbata mkononi huwa tonge. Mkate wa mofa ni mdogo, ila ni mzito, na umeshiba. Godoro jepesi ni boflo. Usiku mmoja baada ya mwingine mwili hulifumbata mpaka likawa tonge.

Viwandani wenyewe huupima ubora huu kwa kilo katika kila mita moja ya ujazo. Sponji ya kilo 16 hivi ni nyepesi, na ikilaliwa na mtu mzima kila usiku hulegea mapema. Sponji ya kilo 25 au zaidi humstahimili mtu mzima kwa muda mrefu. Muuzaji mwaminifu huijua hesabu hii ya bidhaa zake, basi aulizwe. Asipoijua au akakataa kuisema, tunayo njia yetu.

Njia hiyo ni mizani. Godoro la futi 4 kwa 6, lenye unene wa inchi 6, likiwa la sponji ya kilo 25 litakuwa na uzito wa kilo 8 na nusu hivi. Likiwa la sponji ya kilo 16 halitafika kilo 5 na nusu. La futi 3 kwa 6, unene huo huo, likiwa zuri lina kilo 6 na kidogo, na likiwa jepesi lina kilo 4 tu. La futi 5 kwa 6 zuri hukaribia kilo 10 na nusu, na jepesi halifiki kilo 7. Kitambaa huongeza uzito kidogo, hakibadilishi hukumu. Mizani haikosekani mtaani: muuza makaa anayo ya kuning'iniza, mnunuzi wa vyuma vikuukuu anayo, na penye ile ya kukanyaga, mtu hujipima peke yake, kisha akajipima amelikumbatia godoro lililokunjwa, akatoa hesabu ya kwanza katika ya pili.

Pamoja na mizani, tuchukue utepe wa fundi cherehani. Godoro linalosemwa kuwa la inchi 6 lipimwe katikati na kwenye ncha zote nne. Kupunja kipimo ni jambo ambalo Qurani imelitolea onyo zito, hata sura nzima ikaitwa kwa jina la wapunjao, Al-Mutaffifin. Inchi iliyopungua katika godoro ni sawa na kibaba kilichopungua katika mchele, na mnunuzi ana haki ya kupima bila ya kuona haya.

Hapa pana tahadhari mbili. Baadhi ya sponji hutiwa unga wa mawe ili zipate uzito wa bandia. Hizo ukizisugua kwa vidole huacha vumbi, na ukizikunja hupasuka. Pili, liko godoro linalotengenezwa kwa mabaki ya sponji yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, lenye rangi nyingi ndani kama halua ya njugu. Hilo ni zito sana kwa maumbile yake, hesabu yetu ya kilo hailihusu. Ni gumu, na huwafaa watu wenye miili mikubwa, maadamu vipande vyake havibanduki ukivivuta kwa kucha.

Imara si sawa na gumu

Wazee wetu waliamini kuwa mgonjwa wa mgongo dawa yake ni kulala juu ya ubao au sakafuni. Mwaka 2003 jarida la udaktari la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uhispania kwa watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Nusu yao walipewa magodoro magumu, na nusu wakapewa yenye ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani ndio waliopata nafuu zaidi, kitandani na wakati wa kuamka.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mwili wa mwanadamu haukunyooka kama ubao. Bega na nyonga vimejitokeza, kiuno kimeingia ndani. Godoro gumu mno huacha kiuno kikining'inia bila ya nguzo, na godoro laini mno huiachia nyonga izame, uti wa mgongo ukapinda kama chandarua kilicholegea. Godoro imara ni lile linaloipokea nyonga kidogo na kukishika kiuno. Mja mzito analihitaji zaidi, kwani katika miezi ya mwisho waganga humshauri alale ubavu, na ubavu wahitaji godoro linaloyeilia bega.

Kulijaribu bila ya kuivunja staha

Mwenye duka humwambia mwanamume ajilaze aone. Mwanamke wa Kiislamu hawezi kujilaza kando ya barabara ya Kawangware, watu wakipita na matatu zikipiga honi. Basi ziko njia nyingine. Aende na dada yake, mumewe au mama yake, na asubuhi, wakati wateja ni wachache. Aombe godoro litandikwe ndani ya duka, juu ya sakafu. Alipigie goti moja, uzito wote ukiwa juu ya goti hilo. Goti likiigusa sakafu, godoro hilo nyonga yake italigusa vilevile. Kisha akandamize kwa ngumi mpaka chini, aachie ghafla. Sponji nzuri huinuka mara moja, na mahali pa ngumi pasijulikane. Inayoinuka polepole kama unga wa mandazi imekwisha kuchoka kabla ya kuanza kazi.

Penye faragha, na amjaribie mwenziwe. Alale chali, mwenziwe apitishe kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwa wepesi na nafasi ikabaki, godoro ni gumu mno kwake. Kisipopita kabisa, ni laini mno. Kikipita kwa kusukuma kidogo, hilo ndilo lake. Wanaolala wawili na walijaribu wawili, kwa sababu mume wa kilo 90 na mke wa kilo 55 hawalioni godoro moja kwa namna moja. Linunuliwe linalombeba aliye mzito, na aliye mwepesi atandikiwe blanketi lililokunjwa upande wake.

Jipya au la mkono wa pili?

Walioko Kibera husikia kila mwisho wa mwezi kuwa fulani anahama na anauza vyombo. Godoro la mkono wa pili laweza kuwa neema, laweza kuwa balaa. Balaa yenyewe ni kunguni. Mdudu huyu hukaa miezi bila ya kula akimngoja mtu, na akiingia katika chumba kimoja cha mabati hupenya hadi vya majirani. Mishono yote na ifunuliwe mchana, mwangani. Vidoadoa vyeusi, maganda ya rangi ya majani makavu au harufu nzito isiyoeleweka ni dalili ya kulikataa, hata likitolewa bure. Zipu nayo ifunguliwe, kwa kuwa kitambaa kipya huvishwa sponji kuukuu. Sponji iliyogeuka manjano iliyokolea na inayomung'unyuka imekwisha umri wake.

Ipo njia ya tatu, na twaipenda zaidi. Mwenye cherehani nyumbani, au mwenye fundi jirani, aulize sponji tupu iliyokatwa kwa kipimo, isiyovikwa kitu. Anaiona, anaipima, anaikandamiza bila ya pazia. Kisha hushona foronya kubwa ya marekani au ya kitambaa kingine kizito cha pamba, yenye zipu au vifungo, ikafulika. Fedha ambayo ingelipa maua ya kung'aa huenda kwenye kilo za sponji.

Watoto na chumba kimoja

Dini yetu imetuagiza kuwatenganisha watoto katika malazi wafikapo miaka kumi. Katika chumba cha futi 10 kwa 10 amri hii huonekana nzito, na wazazi wengi huona haya kuitaja. Lakini yawezekana. Mtoto ni mwepesi, hahitaji inchi 6. Godoro la inchi 4 la sponji nzuri, upana wa futi 2 na nusu au 3, lamtosha hadi akaribie utu uzima. Mawili ya namna hiyo husukumwa chini ya kitanda cha wazazi mchana, na usiku hutandikwa pande mbili, pazia katikati. Ni afadhali magodoro mawili membamba ya sponji nzito kuliko moja nene ambalo watoto wanne hurundikana juu yake.

Mtoto anayekojoa kitandani godoro lake livikwe nailoni kabla ya shuka. Mkojo ukishaingia ndani ya sponji, kuitoharisha ni kazi kubwa, na kuikausha katika baridi ya Nairobi ya mwezi wa Julai ni kazi kubwa zaidi. Na mtoto mchanga asilazwe juu ya mto laini wala godoro linalobonyea usoni. Mahali pake ni pagumu kidogo, pa tambarare, pasipo mito wala mablanketi yaliyorundikana.

Kitanda nacho

Godoro jema juu ya chaga mbovu ni nyumba juu ya mchanga. Chaga zikiachana zaidi ya inchi 3, sponji huingia katikati na kukatika. Mafundi wa kando ya Ngong Road huuza vitanda vya kila bei, lakini hata mbao za kreti zikipigwa randa na kupangwa karibu karibu hutosha. Asiye na kitanda asilitandike godoro juu ya sakafu tupu. Jasho la usiku hushuka, baridi ya sakafu hulizuia chini, na baada ya majuma machache upande wa chini huota ukungu. Mbao chache tu za kuliinua, hewa ikapita, zamtosha.

Fedha zatoka wapi?

Tufanye hesabu ya mfano. Godoro la shilingi 4,000 likifa kwa mwaka mmoja, kila usiku umegharimu shilingi 11. Godoro la shilingi 8,000 likiishi miaka mitano, kila usiku umegharimu chini ya shilingi 5. La bei ndogo ndilo la ghali. Lakini twajua vyema kuwa mwenye shilingi 4,000 mkononi hawezi kuila hesabu hii. Anazo elfu nne, hana nane.

Ndipo wauzaji wengine humwambia achukue sasa, alipe polepole, na akichelewa kiasi kiongezeke. Nyongeza hiyo ya kuchelewa ni riba, na Muislamu aiepuke hata kama godoro ni zuri. Bei iliyokubaliwa mara moja, ikalipwa kwa mafungu bila ya kuzidi, hiyo ina mlango wake, na masharti yake aulizwe sheikh wa mtaa kabla ya kutia saini.

Bora zaidi ni mchezo wetu wa kina mama, ambao Nairobi huuita chama. Wanawake 10 wakitoa shilingi 800 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao hupata 8,000 taslimu, na baada ya miezi 10 nyumba 10 zina magodoro 10, hakuna aliyelipa hata senti ya ziada. Na wakubaliane tangu mwanzo kuwa wa kwanza kupokea si mwenye sauti kubwa. Awe mja mzito, au anayemuuguza mzee, au mwenye watoto waliokwisha kufika miaka kumi.

Fedha zikipatikana, risiti idaiwe. Iandikwe kipimo, unene na muda wa dhamana. Itazamwe pia alama ya ubora ya shirika la KEBS na nambari iliyo chini yake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 champa kila mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahiki, na hakikumtoa mkaazi wa mabati katika haki hiyo.

Kulitunza

Godoro la sponji ligeuzwe juu chini, na kichwani miguuni, mara moja kila mwezi, ili nyonga zisichimbe mahali pamoja. Lianikwe penye hewa siku ya jua jepesi, likung'utwe, nasi twajua kuwa kukung'uta malazi kabla ya kulala ni katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Na tunasisitiza kwa uchungu: sponji hushika moto kwa kasi na moshi wake ni sumu. Katika nyumba za mabati zilizobanana, koroboi au mshumaa ulioachwa karibu na godoro waweza kuteketeza safu nzima. Jiko na taa ya moto vikae mbali nalo, na vizimwe kabla ya kulala.

Imepokewa kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba malazi ya Mtume (s.a.w.) yalikuwa ya ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende. Basi hatuwahimizi wasomaji wetu kutafuta anasa. Tunawahimiza wasipunjwe. Ukimpigia simu bintiyo aliyeko Kawangware juma hili, baada ya kumuuliza kama amekula, muulize analala juu ya nini, na mgongo wake unasemaje asubuhi.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaallah.